Majivu ya Jiko la Mwaija

Rehani alikatwa fizi hospitalini Korogwe, akarudi Kwedizinga shavu limevimba na kinywa hakifunguki. Maagizo ya daktari aliyabeba mkewe, Mwaija. Asile cha moto, wala kigumu, wala kichachu. Ale uji mwepesi uliopoa, yai lisiloiva sana, na maziwa, maziwa kwa wingi, mpaka kidonda kifunge na nguvu zirudi. Mwaija aliitikia kila neno, "Ndiyo, daktari," kama mtu aliyeacha ghala limejaa nyumbani.

Ghala lenyewe liko wapi? Mwaka ule mvua iliwapa watu kisogo. Tena walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, huku mihogo yao imebaki kwenye mashamba ya zamani ikichimbwa na nguruwe pori. Kuku walikwisha kwa ugonjwa wa kideri. Unga wa yanga, ule wa njano ulioletwa na lori, ulikwisha pia, na lori jingine lililosemwa linakuja lilikuwa linakuja tu. Wenye meno yao walitafuna mizizi ya porini na kumung'unya ukwaju. Rehani, ambaye enzi za kazi ya umeme kule Hale alijisifu kufungua soda kwa magego, sasa hata mate aliyameza kwa kukunja uso.

Juzi Mwaija alimpikia uji wa pumba. Aliuchuja kwa kipande cha khanga, akauchuja tena, na bado makapi yakaingia kwenye kidonda. Rehani alitema damu, akalisukuma bakuli. Jana alikunywa maji matupu. Leo alipojaribu kuketi kitandani alianguka ubavu, Mwaija akamdaka, na alipomdaka akahisi mifupa mitupu. Mume wangu ananifia mikononi, akajiambia, na dawa yake naijua.

Akatwaa kibuyu, akavuka korongo kwenda kwa Naipanoi.

Naipanoi alikuwa mke wa mfugaji. Miaka ya neema wanawake hao wawili walibadilishana mahindi kwa maziwa, na porojo juu yake. Sasa mifugo ilikuwa imeteketea kwa ukame, na ng'ombe aliyebaki na maziwa alikuwa mmoja tu, mwekundu, mbavu nje. Naipanoi mwenyewe alikuwa na mtoto mgongoni, Sankale, ambaye kilio chake kilikuwa kimeshapungua sauti.

"Mama Sankale, mume wangu amekatwa fizi," Mwaija alisema hata kabla ya kukaa. "Daktari kasema maziwa. Nisaidie, hata kidogo."

"Pole, mama. Pole sana." Naipanoi alikipokea kibuyu, akainuka. Kisha akauliza, kama wanavyouliza watu wa ng'ombe, "Leo amekula nini?"

Hapo sasa. Mwaija alilelewa na mama ambaye angekufa na njaa yake kuliko kuitangaza. Dawa unaweza kuiomba, lakini kusema jiko langu halijawashwa, huko ni kujivua nguo mbele za watu. Ulimi ukatangulia akili.

"Amekunywa mchuzi wa nyama," akasema, na shingo kainyoosha.

Nyama! Kijiji kizima kilikuwa kimesahau hata harufu yake, na mwanamke huyu akaona hilo ndilo la kusema.

Naipanoi akakiweka kibuyu chini. "Basi leo hapana. Nyama na maziwa havikai tumbo moja siku moja. Ng'ombe wangu ataugua kiwele. Njoo kesho."

Mwaija alilijua katazo hilo. Alilisikia miaka yote, na kwao walilicheka sana. Aibu ndiyo iliyomsahaulisha.

"Nimekudanganya," akasema. "Hajala nyama. Hajala kitu."

"Kwanza nyama. Sasa hakuna kitu." Naipanoi hakupandisha sauti. "Nikuamini kwa lipi? Maziwa yangu mwenyewe yamekauka. Huyu ng'ombe akiumia, Sankale atakunywa nini?"

Mwaija alikaa chini vumbini, akalia kwa sauti, kilio cha msibani, na maiti bado anapumua. Alipopata pumzi alisema, "Njoo ulione jiko langu. Ukikuta nimepika leo, ondoka na maziwa yako."

Naipanoi alikiokota kibuyu. Akakitia maziwa, akakishika yeye mwenyewe, wakaongozana.

Kwenye mstari wa nyumba Swaumu, jirani wa Mwaija, alikuwa amekaa mlangoni. "Kwema, jirani?" akauliza, macho yakiwa kwenye kibuyu.

Kila siku Mwaija alijibu kwema. "Si kwema," akasema. "Hatuna chakula. Rehani anakufa."

Swaumu akainamisha kichwa. "Hata kwangu," akanong'ona. "Mimi nilidhani ni kwangu tu."

Ndani, Rehani alikuwa amelala ameelekea ukutani. Naipanoi hakumtazama. Alichuchumaa jikoni, akazamisha mkono kwenye majivu baridi kati ya mafiga matatu, akauacha humo. Akafunua chungu, akanusa. Kisha akainuka, akamimina maziwa kwenye bakuli.

Mwaija alimnywesha mumewe kijiko kwa kijiko. Funda la kwanza lilimwagikia kidevuni. La pili likakaa mdomoni, koo likasita, likapita. Rehani akafumbua macho, akaushika mkono wenye kijiko asiuache uende mbali. Mwaija alifurahi na kuogopa kwa pamoja, maana bakuli lilikuwa dogo.

Kibuyuni yalibaki kidogo. Naipanoi akayamimina kikombeni, akamnyooshea Mwaija. "Na wewe."

"Mimi nimeshiba," Mwaija akasema. Ulimi ule ule.

Naipanoi akamwonyesha kiganja chake, bado cheupe kwa majivu. Mwaija akakitazama, akashindwa kuinua uso. Akakipokea kikombe. Mgongoni kwa mama yake, Sankale alisikia harufu ya maziwa, akaanza kulia.

Mwaija akasimamisha kikombe hewani.

"Kunywa," Naipanoi akasema.