Mzigo wa Ngollo

Saa kumi na moja jioni Koleta alipanda kwenye stuli chumbani kwa Imakulata, akapapasa chini ya bati, akatoa kondomu alizompa mwezi uliopita. Joto la Tabora lilikuwa limezikausha. Alifungua moja, ikachanika kama ganda la kitunguu.

"Si nilikukataza kuziweka hapa?"

"Niweke wapi, dada Koleta? Kwenye pochi? Askari wakizikuta wanasema ndiyo ushahidi kwamba ninajiuza. Juzi nimelala lokapu kwa kondomu mbili."

Koleta naye alikuwa amejiuza kwa miaka kumi na moja kabla ya kuwa mwelimishaji rika, anayefundisha wenzake kujikinga na Ukimwi. Alishuka kwenye stuli. Akatoka nje kuwasubiri wapagazi.

Walipita kila jioni nyuma ya nyumba, kwenye njia ya zamani ya msafara, pembe za ndovu mabegani. Walikuwa wamekufa zamani. Koleta akamsimamisha wa mwisho, Ngollo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sema upesi, wenzangu wananiacha."

"Nibebee boksi hili la kondomu. Hakuna askari anayempekua marehemu."

Ngollo alilipima kwa mkono mmoja. "Huu nao mzigo?"

Tangu siku hiyo aliachana na wenzake, akasimama kwenye kona ya chumba cha Imakulata, uso ukutani, akimpa moja kila alipohitaji. Wateja walilalamikia baridi.

"Huyu mzee hana kwao?" mmoja aliuliza.

"Kwao mbali. Vaa."

Mwezi wa nane dereva wa lori la pamba alimwita Imakulata gesti mpya, barabara ya Nzega. Koleta na Ngollo walimsindikiza. Njia ya zamani ilipokata kona, Ngollo alisimama.

"Msafara haukupita huko," alisema, akamnyooshea Imakulata kondomu.

"Chukua, mdogo wangu," Koleta alisema. "Dereva anayo?"

"Yule? Hajawahi."

Imakulata aliwatazama askari wawili waliosimama mbele ya gesti. Akaurudisha mkono wa Ngollo taratibu.

"Nikilala lokapu tena, mwanangu analala na nani?"

Akaenda. Askari walimwaga pochi yake juu ya boneti ya gari lao: simu, kitana, kitambaa.

"Huyu hana kitu," mmoja alisema. Akamkusanyia vitu vyake, akamfungulia geti.