Shati Lililoitangulia Krismasi

Shati lilikuwa limeanikwa ndani ya nyumba, juu ya jiko, kwenye kamba iliyofungwa kutoka msumari wa kalenda hadi pembe ya kabati, na maji yake yalidondoka tone kwa tone ndani ya sufuria iliyokingwa chini. Nje, jua la Oktoba lilikuwa likiwaka bure. Kamba za uani zilikuwa na nafasi tele, lakini Lorine alikuwa amefunga mlango na kushusha pazia, kama mtu anayepika pombe haramu.

Lilikuwa shati jipya, rangi ya samawati, alilolinunua wiki hiyo hiyo katika duka moja kando ya Jogoo Road. Alikwisha kulifua mara kadhaa. Aliupapasa ukosi wake, akausugua kwenye shavu lake, kisha chini ya kidevu, mahali ambapo ngozi ni nyepesi.

"Bado," alijiambia, akalirudisha kwenye karai.

Katika nyumba zile za zamani za baraza la jiji, upande wa Makadara, nguo ya Krismasi ilikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote na yalijulikana na kila mtu. Ilinunuliwa dukani, si kwenye marundo ya mitumba. Ilifichwa ndani ya sanduku ikiwa na harufu yake ya upya, mtoto akaonyeshwa mara moja tu na kurudishiwa kifuniko usoni. Ilitoka asubuhi ya siku yenyewe, na mikunjo yake ikisimama wima kama askari. Hapo ndipo watoto wa uani walipojikusanya na kutembea kwa kundi, mlango hadi mlango, wakionyesha mavazi yao na kupewa huku chapati, kule mahamri, pale soda katika kikombe cha plastiki. Mtoto aliyevishwa nguo hiyo mapema alisemwa kwamba amelishwa Krismasi mbichi. Aibu ilikuwa ya mama yake.

Mwaka uliotangulia Lorine alikuwa ameyafuata masharti hayo yote. Alimvika mwanawe, Mulama, suti ndogo yenye tai ya kipepeo, akamsukuma taratibu ajiunge na wenzake. Mulama alikuwa na miaka sita wakati huo. Maneno yake yalikuwa machache, naye aliyatumia kwa uchoyo. Zaidi alivuma, mvumo mmoja wa chini kama wa friji iliyo chumba cha pili, na mama yake aliweza kusoma siku nzima katika mvumo huo. Daktari alikuwa ameipa jina hali yake: usonji. Jina hilo lilimsaidia Lorine kujibu maswali ya watu, lakini halikumwambia la kufanya na tai ya kipepeo.

Hawakufika mlango wa pili. Mulama aliichana ile suti kana kwamba imeshika moto, kifungo kimoja kikaruka hadi kwenye mfereji, akabaki uchi katikati ya uani akipiga mayowe huku watoto wakimcheka na watu wazima wakijifanya wanatazama kwingine. Sehemu ya siku hiyo iliyosalia mama na mwana waliipitisha nyuma ya pazia. Jirani mmoja alileta chapati zikiwa zimefunikwa kwa sahani, akazikabidhi mlangoni kwa sauti ya chini, kama rambirambi.

Lorine aliwaza juu ya jambo hilo kwa miezi. Alikumbuka kwamba Mulama hakuwahi kukataa fulana moja kuukuu ya baba yake, iliyopauka hata haikujulikana ilikuwa rangi gani. Basi shida haikuwa nguo. Shida ilikuwa upya wake: wanga uliokausha kitambaa, lebo iliyokwaruza shingo, mshono uliochoma. Yaani kile ambacho watoto wengine walikisubiri mwaka mzima ndicho kilichomuumiza mwanawe. Akapiga moyo konde. Angelizeesha shati kabla ya siku yake.

Alikata lebo kwa wembe. Alifua, akakausha, akafikicha mishono kwa vidole kama mtu anayefikicha mahindi. Novemba ilipoingia aliuvisha mto wa Mulama lile shati, naye akalilalia. Baadaye akamwekea mapajani wakati wa kula. Usiku mmoja Mulama mwenyewe akapenyeza mkono mmoja ndani yake, akalala hivyo, na Lorine akasimama kando ya kitanda akiogopa kupumua.

Kila jioni alimtembeza uani, azoee milango kabla ya siku yenyewe. Walibisha mlango wa Shamso, aliyekuwa akiuza kahawa na kashata kituo cha basi na ambaye nyumba yake ilikuwa tulivu kuliko zote. Walibisha kwa Roseline, mwenye spika kubwa na ulimi mkubwa zaidi, mama yake Jacklyne, mmoja wa watoto wa uani. Walisalimu, wakaondoka. Roseline alicheka: "Mama Mulama, kwani umekuwa chifu? Kila jioni unakagua raia?" Lorine naye akacheka, wala hakueleza. Siri ya shati waliijua yeye na Walter, mumewe, basi.

Siku mbili kabla ya Krismasi mama mkwe wake akawasili kutoka Vihiga. Mama Muhonja alikuwa mjane mfupi, mkakamavu, mwenye sauti nyororo kuliko mikono yake. Alishuka na mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, na mfuko mmoja wa nailoni ambao hakumruhusu mtu kuushika. Alimwita Mulama "mume wangu", kwa kuwa mtoto alibeba jina la marehemu mumewe, na Mulama, ambaye hakupenda kuguswa, alimruhusu akae karibu naye hadi magoti yao yakakutana.

Jioni ile, baada ya chai, aliufungua mfuko. Ndani kulikuwa na shati jeupe la kitoto, bado limekunjwa juu ya kipande cha kadibodi na kushikwa na pini, ukosi wake mgumu kama ganda la yai.

"Nimelitafuta Mbale nzima," alisema. "Marehemu alipenda nyeupe. Nimesema mwaka huu mume wangu hatafichwa ndani. Nilisikia ya mwaka jana. Nililia."

Walter alimtazama mkewe. Lorine alimtazama Walter. Hapo ndipo angalisema. Lakini shati lile lilikuwa limetoka mbali, limebebwa mapajani safari nzima lisikunjike, na yule aliyelileta alikuwa ameketi akitabasamu na pini mkononi.

"Ahsante, Mama," Lorine akasema. "Ni zuri sana."

Akalisukuma lile la samawati chini ya godoro.

Asubuhi ya Krismasi Walter alikuwa kazini kwenye reli, nayo reli haikujua sikukuu. Uani kulinukia vitunguu na mafuta ya moto. Spika ya Roseline ilikuwa imeamka kabla ya jogoo, ambaye kwa hakika hangeamka tena. Mama Muhonja alikwisha vaa gauni lake la kanisa. Alichomoa pini moja moja, akazishika midomoni, akalikung'uta shati jeupe likatoa sauti ya karatasi.

"Njoo, mume wangu. Leo utawafunika wote."

Mulama alikuja, kwa sababu ya ile sauti. Alitoa mkono mmoja, ukaingia. Lorine alisimama kando ya jiko na chapati ikiungua mbele yake. Akajiambia labda. Pengine kwa nyanya yake ingewezekana, pengine mwaka mmoja umembadilisha, pengine yeye mwenyewe ndiye aliyemdekeza. Mkono wa pili ukaingia. Kisha ukosi ukagusa shingo.

Mvumo ulipanda. Haukuwa tena wa friji, ulikuwa mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Mabega ya Mulama yalipanda hadi masikioni, na vidole vyake vikaanza kufinya ngozi ya shingo yake mwenyewe.

Nje, kundi likafika. "Hodi! Hodi! Krismasi!" Sauti ya Jacklyne ilikuwa juu ya zote. "Mulama! Toka tukakule!"

"Atazoea," Mama Muhonja alisema, akishika kifungo cha juu. "Walter pia alikuwa akilia. Ni kifungo kimoja tu."

"Mama, naomba umvue."

"Wako mlangoni, mwanangu. Ngoja nimalize."

"Mama, hapana."

Neno lile lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mwanamke huyu hapana, hata kwa kikombe cha pili cha uji. Alipiga magoti, akalivua shati jeupe kwa upole, mkono huu, mkono ule, akaliweka kitandani. Kisha akatia mkono chini ya godoro.

Mama Muhonja alilitazama lile lililotoka huko. Rangi ya samawati ilikuwa imebaki kwenye mishono tu. Kwingine lilikuwa kama maji ya kusuuzia.

"Hilo ni la kupangusia nini?"

"Ndilo la Krismasi, Mama. Nimekuwa nikilifua tangu Oktoba. Likiwa jipya linamuumiza. Si ukaidi, linamuumiza kweli. Shika uone lilivyo."

Hakulishika. "Nimekuja kutoka Vihiga," alisema polepole, "nimwone mwenye jina la mume wangu akipita mbele ya watu amevaa tambara. Watasema hana wazee."

"Waseme, Mama. Mwaka jana walinyamaza, na haikutusaidia."

Mulama alikuwa amekwisha lichukua shati mikononi mwa mama yake. Alilivaa mwenyewe, bila kufunga kifungo hata kimoja. Mvumo ukashuka. Lorine alifungua mlango, akatoka naye, na hakugeuka kutazama nyuma kwa sababu alijua angerudi kuomba radhi.

Watoto wa kundi walikuwa wameng'ara, viatu vikilia, riboni kila rangi.

"Sasa, Mulama," Jacklyne akasema. Alilikagua lile shati juu hadi chini. "Hiyo si mpya."

"Si mpya," Lorine alikubali.

"Sawa. Twende basi, mandazi zitapoa."

Kwa Shamso waliingia wote, isipokuwa Mulama aliyebaki kwenye kizingiti. Shamso hakuwa na Krismasi yake, lakini Idd watoto hao hao walimaliza sinia zake, kwa hivyo alikuwa na kashata tayari. Alimnyooshea Mulama kipande kiganjani bila kumlazimisha kumtazama. Mulama alikinusa, akakila.

Kwa Roseline mlango ulikuwa wazi na muziki ukitikisa vikombe. Mulama alisimama mbali, mikono masikioni. Roseline alitokeza na unga hadi viwikoni.

"Ai, Mama Mulama! Hilo shati limekunywa sabuni hivi, ni la Krismasi ya mwaka gani?"

Wanawake wawili waliokuwa wakiteka maji kwenye mfereji wakaangua kicheko. Lorine alikuwa na jibu la uongo mdomoni, lililoiva, kwamba lile jipya limemwagikiwa chai.

"Ni la mwaka huu," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mfereji. "Nilikuwa nalifua kwa siri, nikilianika ndani, ili lilainike. Kitambaa kipya kinamuuma. Na hiyo spika yako pia inamuuma, Mama Jacklyne. Nimepita hapa kila jioni nikitaka kukwambia, nikaogopa mdomo wako."

Roseline alijipangusa unga kwenye kanga, akaingia ndani. Muziki haukuzimwa, ila ulirudi nyuma hadi ukawa wa nyumba moja badala ya mtaa.

"Si ungesema tu!" akapaaza sauti kutoka ndani. "Mtu mzima unazunguka kama paka. Mwambie aje achukue ya moto."

Mulama alisogea. Alichukua chapati kwa mikono miwili, akajifunika nayo uso, labda kwa ajili ya joto lake, akavuma mvumo wa chini kabisa.

Hawakumaliza milango yote. Karibu na ngazi mtu alipasua puto, na Mulama akachuchumaa ukutani, akakataa kuendelea. Kundi likaenda. Jacklyne alirudi baadaye na vipande viwili vya keki vilivyobanwa pamoja ndani ya kitambaa, akaviweka chini mbele yake, akakimbia tena. Lorine alikaa naye pale, kwenye saruji iliyopashwa na jua, hadi mtoto alipoamua mwenyewe kuinuka.

Walipokaribia kwao, Lorine aliona karai lao nje, karibu na mfereji, na mbele yake mtu ameinama. Mama Muhonja alikuwa amefunga leso juu ya gauni la kanisa. Mikono yake ilikuwa ndani ya povu. Kipande cha kadibodi na pini vilikuwa juu ya jiwe kando yake, vimepangwa vizuri.

Mmoja wa wale wanawake wa mfereji hakuweza kuvumilia. "Shosho, leo ni Krismasi! Unafua?"

"Nafua ya mwaka ujao," Mama Muhonja alijibu bila kuinua kichwa.

Lorine alisimama. Mama mkwe wake akasema, kwa sauti kavu ya mtu anayeuliza habari za kazi.

"Wewe ulitumia sabuni gani?"

"Ya kipande, Mama. Ya unga inabaki kwenye mishono."

"Basi lete ya kipande. Na wembe. Kuna lebo mbili hapa, moja wameificha ubavuni."

Lorine alivileta. Waliinama pamoja juu ya karai, mmoja akikata nyuzi za lebo, mwingine akishikilia kitambaa kisichanike. Mulama alikuja akasimama nyuma yao, keki mkononi, shati lake la samawati wazi kifuani, akitazama maji yakigeuka meupe.

Mama Muhonja alilisuuza, akalikamua, akalining'iniza kwenye kamba ya uani, mahali pa wazi. Matone yalianza kuanguka kwenye saruji. Kisha, kabla ya kulibana kwa kibanio, alivuta ukosi akausugua kwenye shavu lake, na chini ya kidevu, akiwa amefumba macho kama mtu anayesikiliza.

"Bado," akasema, akalirudisha majini.