Dhoruba Iliyochelewa Dakika Moja

Usiku wa jana niliota nimeketi mbele ya mchoro wa Kibwana Shekalaghe, ule ulioning'inia sebuleni kwangu, na mlango uliochorwa humo ukaniamuru nisimame wima.

Nilisimama. Nimelelewa na shule ya bweni, na nilikuwa kiranja wa bwalo. Kengele ya chakula ikishalia, nilifunga mlango, hata kwa rafiki. Kibwana alikuwa rafiki. Siku moja ya mvua kubwa alichelewa, akapiga hodi mara tatu, nami sikuitika. Wiki hiyohiyo aliiacha shule. Miaka thelathini baadaye alinitumia mchoro huu bila barua: dhoruba, na mlango uliofungwa.

Niliueleza mlango yale aliyotufundisha Mwalimu Chiwanga, kwamba katika picha mlango ni moyo wa mtu, na dhoruba ni jambo alilolikataa.

"Punguza maelezo, bwana kiranja," mlango ukasema. "Bawaba zangu zimo mbavuni mwako."

Napapasa. Zimo, na zina kutu.

Sasa sebule ni bwalo. Sahani za maharage zimepangwa, mabenchi hayana mtu. Nje imesimama dhoruba, kimo chake mbingu nzima, radi imezikunja kwapani kama mwavuli. Inajifuta miguu.

"Hodi," inasema, kwa upole unaopinda vioo vya madirisha.

Natazama saa. Dhoruba imechelewa dakika moja.

"Hodi."

Mlango unanikumbusha kwamba mgeni asiyeitikiwa mara ya tatu huondoka, na huyu ataondoka na aliyembeba. Ndipo namwona Kibwana kifuani mwa wingu, ana miaka kumi na saba, sare inachuruzika, sahani mkononi.

"Kanuni ni kanuni," nasema.

"Wewe funga tu, Mhina," anajibu. "Ila maharage yangu usimpe mtu."

"Hodi," dhoruba inasema, na tayari inageuka.

"Karibu," nasema. "Karibu ndani, Kibwana."

Mbavu zangu zikafunguka kwa kishindo. Dhoruba ikainama, ikaingia yote, na hakuna sahani iliyotikisika. Kibwana akaketi, akala. Nikabaki wima mbele ya ukubwa ule, mikono nyuma, nikilia bila kujifuta.

Niliamka kumekucha, nje kukavu. Mchoro ulikuwa vilevile. Chini yake, juu ya saruji, palikuwa na unyayo mmoja uliolowa, vidole vikielekea ndani ya nyumba.