Dawa ya Neno "Kupiga Kabati"

Jamani, niwaanzie na kabati lenyewe, maana bila lile kabati mimi nisingekuwa na kosa lolote.

Kaka yangu ni fundi seremala. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango mwembamba, maranda yanakufika kwenye vifundo vya miguu, harufu ya gundi unaikuta barabarani. Nesi mmoja akamwagiza kabati la milango minne. Kaka akahangaika nalo wiki mbili, akalipiga msasa, akalipaka vanishi, akafunga bawaba mojamoja kama anamvisha bibi harusi hereni. Siku ya kulitoa wakaja wanaume sita. Wakalivuta. Wakalilaza. Wakaligeuza, mmoja akabanwa kidole. Halipiti! Fundi kapima chumba cha nesi mpaka dari, mlango wake mwenyewe hakuupima. Ikabidi alikate katikati kwa msumeno, nesi kasimama hapo hapo anaangalia.

Na mimi nilikuwa dirishani na simu, narekodi huku nacheka. Nikairusha kwenye kundi la mtaa. Sekunde arobaini tu!

Jioni ile ile muuza vocha wa pale kona akapata neno. Kijana mmoja alikuwa amewaahidi wasichana wawili kuwatoa siku moja, saa moja, na hajui anachomokaje. Muuza vocha akamwangalia, akatikisa kichwa. "Mwanangu, wewe umepiga kabati."

Basi, kwisha habari. Mchezaji anajipeleka kwenye kona katikati ya mabeki watatu, kapiga kabati. Mtu kaanza uongo mrefu mbele ya mama mkwe, kapiga kabati. Chochote ulichojiingiza kwa mikono yako na kutoka huwezi. Lilikuwa tamu mdomoni, siwafichi. Hata mimi nililisema.

Mpaka Jumatatu moja nikamkuta kaka kakaa juu ya meza yake ya kazi, randa iko chini, redio imezimwa.

"Jumamosi narudisha ufunguo kwa mwenye nyumba," akasema. "Mjomba kanitafutia kazi ya ulinzi."

"Kaka! Kwa sababu ya kineno?"

"Leo nimeenda kwa mteja kupima kitanda. Watoto wake wananichungulia, wanaambiana, ndiye huyo, ndiye Kabati. Mkono ukanitetemeka, nikasoma futi vibaya mara mbili. Mkono ukishatetemeka, mdogo wangu, hapo hakuna fundi."

Nilitoka pale nahesabu vidole. Nina siku tano, na neno la mtaani huwezi kulikataza, ukilikataza ndiyo linanenepa. Lakini nikakumbuka jambo. Mwaka jana baba alionja mchuzi mezani, akasema, "Mama, huu mchuzi ni noma." Mimi na binamu yangu tukaangaliana. Tangu siku ile "noma" haijatoka tena kinywani mwangu. Nikitaka kuisema naona kama nimevaa suruali ya baba.

Dawa ni wazee!

Nikaanza na bibi. "Bibi, kuna neno jipya, vijana wote wanalo."

"Nipe na mimi."

Nikampa. Akalionja kidogo. "Kupiga kabati. Ahaa! Kama mimi nilivyoolewa na babu yako."

"Bibi!"

"Kwani nilisukumwa? Si nilijiingiza mwenyewe?"

Kufika jioni kundi la familia limejaa sauti za bibi, kila moja dakika tatu, na mashangazi wanamjibu. Baba yetu ni mwalimu mkuu, akalidaka humo. Jumatano asubuhi, wanafunzi wote wako mstarini, akarekebisha miwani. "Wanangu, someni mapema. Msije, kama mnavyosema ninyi vijana, *mkapiga kabati*." Halafu akatabasamu! Binamu yangu alikuwepo. Anasema shule nzima iliangalia viatu.

Alhamisi nikamtega muuza vocha. "Aisee, leo nimepiga kabati."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe bado uko huko? Hilo si la akina mama siku hizi? Mama yangu kanitumia asubuhi, na kapicha ka kabati."

Limekufa! Jumamosi nikakimbia mpaka karakana. Kaka alikuwa anafunga patasi zake kwenye gunia, ufunguo uko mezani. Nikamwaga yote kwa pumzi moja, bibi, baba, mstarini, mpaka nikafika pale pagumu. "Na ile video, niliirusha mimi."

"Najua," akasema. "Kile kicheko nakijua tangu huna meno. Nilikuwa nasubiri useme."

Sikujua niuweke wapi uso. "Nisamehe, kaka."

Akaweka patasi chini. "Kwa hiyo umelitoa kwa vijana, umelipeleka kwa wazee. Hebu niambie, wanaoagiza makabati ni akina nani?"

Mungu wangu. Huko sikuwa nimefika!

Hapo hapo bibi akaingia na rafiki yake. "Mjukuu wangu, nimepiga kabati."

Kaka akashtuka kama kakanyaga msumari. Bibi wala hana habari. "Nimewaahidi wenzangu wa kikundi vigoda kumi na viwili, Ijumaa. Nilikuwa naringa tu kwamba nina mjukuu fundi, mdomo ukaponyoka. Sasa narudije kusema havipo?"

"Afadhali yako," rafiki yake akasema. "Mimi nilipiga kabati nikamkaribisha wifi siku mbili. Mwezi wa tatu huu yupo."

"Pole, mwenzangu."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemkodolea kaka macho. Wanaongea kama watu wanaoambiana habari za mafua. Kaka akamwangalia huyu, akamwangalia yule, mabega yakaanza kumcheza, mara kicheko kikamtoka mpaka akajishika mezani.

"Bibi, hilo neno si limetokea humu ndani?"

"Najua. Si ulilikata, ukaenda kuliunga kwa nesi? Nguo zake zimo. Mimi nauliza vigoda vyangu."

Kaka akajifuta machozi. "Mdogo wangu, nenda kwa mwenye nyumba, mwambie asinisubiri."

Nikachukua ufunguo, nikamrushia, akaudaka. Akachomoa futi mfukoni, akaenda mlangoni, akaanza kupima upana, juu, katikati, chini. Mkono umetulia kabisa.

"Anapima mlango wa nini?" rafiki wa bibi akaninong'oneza. "Vigoda si vinapita hata dirishani?"

"Mwacheni," bibi akasema. "Mwacheni apime."