Kanyaga, Nikuwekee

Kiharusi kilipomkuta mzee Nestory kilichagua vibaya. Kingeweza kuchukua masikio, maana hata hivyo alikuwa hasikilizi mtu. Chenyewe kikaenda moja kwa moja kwenye mguu wa kushoto, mguu wa klachi, na mkono wa upande huohuo kikauacha unaning'inia kama taulo kwenye kamba.

Pikapu yake ikabaki uani kwake Ilemela, juu ya kilima cha mawe, imeegemea jabali kama mlevi aliyeambiwa asubiri hapo. Nyuma ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: HONI HAINISHTUI.

Mdogo wake, Josephat, alikuja na ushauri kabla hata ya kuja na matunda ya mgonjwa.

"Kaka, tuiuze hii, tukutafutie gari ya oto kama yangu. Oto haina klachi. Mguu wa kulia peke yake unatosha, na huo Mungu kakuachia."

"Gari isiyokuuliza unataka gia gani hiyo ni lifti," mzee alijibu, mdomo umepinda upande mmoja lakini maneno yamenyooka. "Umewahi kumwona dereva wa lifti wewe?"

Modesta, binti yake wa pekee, alicheka mpaka akamwaga uji. Yeye mwenyewe alijifunzia kuendesha kwenye hilo gari la Josephat, la kuweka D na kwenda zako, na siku zote alikuwa akijiita dereva. Alipomaliza kufuta uji akasema, "Basi nifundishe mimi, baba. Niwe mguu wako."

"Wewe? Uliyezoea vigari vya kukanyaga kama cherehani?"

Lakini jioni ileile alidai avalishwe viatu.

Somo la kwanza lilifanyika kwenye uwanja wa mpira chini ya kilima. Mzee alikaa kiti cha abiria, mkono wake mzima ukiwa upande wa dereva. "Klachi iachie taratibu," alisema, "kama unavyotoka kitandani mtoto ndiyo kwanza amelala." Modesta akaiachia kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Pikapu ikaruka kama chura, ikazima. Akawasha tena, ikaruka tena. Wachezaji wakasimamisha mpira wao wakaja kutazama mchezo wenye maana zaidi.

Shida ya Modesta haikuwa miguu. Miguu ilielewa haraka. Shida ilikuwa ni kuyafanya yote kwa pamoja: kuangalia mbele, kushika usukani, kukanyaga, halafu mkono wa kushoto nao uende kutafuta gia gizani huko chini. Gia ilipiga kelele kama mbuzi wa sikukuu. Ndipo mzee akanyoosha mkono wake wa kulia, akakishika kirungu cha gia.

"Wewe kanyaga, nikuwekee."

Modesta akakanyaga. Mzee akaweka ya kwanza. Akakanyaga tena, ikaingia ya pili, halafu ya tatu, na pikapu ikauzunguka uwanja mzima bila kuruka hata kidogo. Waliporudi nyumbani, mkewe Dorotea alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni.

"Dereva ni nani hapo?"

"Ni sisi," mzee akajibu.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yao. Modesta akitoka kwenye duka la dawa alikoajiriwa kule Igoma, anamkuta baba yake amekwishanyoa ndevu, ameketi barazani na shati la kutokea. Wanazunguka. Wanafuata mihogo, wanawasalimu watu ambao hawakuomba kusalimiwa, wanateremka mpaka ziwani kutazama maji, kisha wanapanda. Dereva mmoja mwenye miguu mitatu na mikono mitatu. Gia ya nne ndiyo mzee aliyoipenda zaidi. Hiyo aliivuta chini kwa kiganja huku akiguna kidogo, kama mtu anayekaa kitako baada ya kutwa nzima ya jembe.

Siku moja alisinzia njiani. Mbele kulikuwa na tuta. Modesta hakutaka kumwamsha, akakanyaga, mkono wake ukashuka wenyewe, ukaweka ya pili. Ikaingia bila kelele. Baada ya tuta akaweka ya tatu, halafu ya nne. Alipogeuka, baba yake alikuwa macho. Alikuwa akikitazama kile kirungu cha gia kama mtu aliyetoka nje kidogo akarudi na kukuta kiti chake kimekaliwa.

Kesho yake Modesta aliikwaruza gia kwa makusudi mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Mkono wangu huu mzito, baba. Niwekee tu."

"Nilijua," mzee akasema, na rangi ikamrudi usoni. "Oto imekuharibu."

Modesta hakuigusa gia tena. Mzee akaanza kumaliza chakula chake. Akaanza kupanga safari.

"Nikipata nguvu tutakwenda Nansio. Nataka ndugu zangu kule kisiwani waone nimefika na gari yangu. Siyo nimepakiwa kwenye gari ya mtu."

"Tutakwenda, baba. Mimi nakanyaga, wewe unaweka."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Kiharusi cha pili hakikuchagua. Kilichukua vyote.

Kwenye kikao cha msiba Josephat alisema litakodiwa gari la kusafirishia mwili. Modesta, macho yamevimba, akasema baba yake atakwenda Nansio na gari yake, na yeye ndiye atakayeendesha. Josephat akamtazama, na mazoea ya utani yakamponyoka mdomoni kabla hajayashika:

"Na gia atakuwekea nani?"

Josephat mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia.

Asubuhi ya safari jeneza lilipakiwa nyuma ya pikapu, wanawake wa kwaya wakaketi kulizunguka. Dorotea akakaa mbele, kwenye kiti cha mumewe. Josephat na ndugu wengine wakafuata na gari lake dogo. Modesta akakanyaga klachi. Akangoja. Kisha akakumbuka anachokingoja, akaushusha mkono wake mwenyewe kwenye kirungu.

Ya kwanza aliipata. Ya pili aliipata kwa kelele. Ya tatu aliibembeleza mpaka ikakubali. Hapo akaishia. Kila alipotaka kuvuta ya nne mkono ulikataa, ukarudi kwenye usukani kama mtoto aliyetumwa duka la mbali. Wakapita Igoma kwa gia ya tatu. Wakapita Kisesa kwa gia ya tatu. Magu nayo, hivyohivyo, injini ikilalamika, malori yakiwapita, na wapanda baiskeli nao wakifikiria kuwapita. Watu kando ya barabara walivua kofia na kusimama. Waliona huo mwendo ni heshima kwa marehemu.

"Injini inalia," Dorotea alisema.

"Hata mimi, mama."

Kisorya, ambako magari hupanda kivuko kuingia Ukerewe, palikuwa na foleni na upepo. Zamu yao ilipofika, Modesta akaisogeza pikapu mpaka kwenye mlango wa chuma wa kivuko uliolazwa chini, magurudumu ya mbele yakapanda, na papo hapo ikazima. Ikarudi nyuma. Jeneza likateleza na kugonga ubao wa nyuma, ko, kama mtu anayebisha hodi. Wanawake wakakatisha wimbo. Mfanyakazi wa kivuko akakimbia na kigogo, akakikita nyuma ya gurudumu.

"Dada, mpishe mwenye gari yake!"

"Mwenye gari yake yuko nyuma hapo," Modesta akasema.

Josephat alikuwa ameshafika dirishani, jasho linamtoka. "Shuka, mwanangu. Shuka niipandishe. Umejitahidi. Baba yako ameona."

Modesta akafungua mlango. Mguu mmoja ulikuwa umeshagusa chini Dorotea alipomshika mkono.

"Josephat, rudi kwenye gari lako," alisema taratibu. Kisha kwa binti yake: "Wewe unaweza. Baba yako alinieleza."

"Alikueleza nini?"

"Kesho yake, baada ya ile siku aliyosinzia. Alikuja akaniambia, 'Modesta anaweza gia zote, hata ya nne. Ila ananionea huruma, anajifanya hajui. Usimwambie kwamba najua. Niachie na mimi nibaki na kakazi.'"

Modesta akalaza kichwa kwenye usukani, akalia. Honi ikalia ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ndugu kule nyuma wakayatazama yale maandishi mekundu wakacheka, wakaona haya, wakanyamaza. Alipoinua uso, alifunga mlango.

"Kanyaga," mama yake akasema.

Akakanyaga. Mkono ukashuka, ukaweka ya kwanza. Akaiachia klachi kama mtu anayemtoroka mtoto aliyelala, akaongeza mafuta, pikapu ikatetemeka, ikaliacha gogo, ikapanda. Wanawake wakaudaka wimbo pale walipoukatishia.

Walimzika mchana, kati ya mama yake na migomba, na ndugu zake wote wakaiona pikapu imesimama uani, mbele kabisa.

Siku ya kurudi, nyuma ya pikapu hapakuwa na kitu, ila maua yaliyodondoka. Barabara ilinyooka na gari lilikuwa jepesi mno. Modesta akakanyaga, akashika kirungu, akavuta chini. Ya nne ikaingia laini, bila kukwaruza, bila kuguna. Alitamani ikatae hata kidogo. Haikukataa. Injini ikatulia, na upande wa pili wa gari ukawa kimya kuliko alivyowahi kuusikia.

Dorotea alikuwa anatazama mbele.

"Dereva ni nani hapo?" akauliza.

Walipita tuta, wakapita mti, wakapita watu wawili wanaochunga ng'ombe.

"Ni mimi, mama."