Urefu wa Stephano

Iddy alipohamishiwa Mbamba Bay kuwa mpima ardhi, akitokea Kondoa, alizunguka siku tatu akitafuta pa kulala. Mwishowe akaelekezwa kwa Mama Anjelina, mjane aliyekuwa na chumba cha uani chenye dirisha la upande wa ziwa. Chumba kilikuwa kikavu, kimepakwa chokaa, na ndani mlikuwa na kitanda na meza. Mama hakuingia. Alisimama kizingitini na funguo mkononi.

"Meza ni ya mwanangu Stephano," alisema. "Itumie utakavyo, baba. Ila isitoke humo."

Haikuwa meza ya kawaida. Ilikuwa na miguu miwili minene ya chuma, na ndani yake mota. Ukibonyeza kitufe kimoja inapanda taratibu huku ikiguna, ukibonyeza kingine inashuka, na namba nyekundu pembeni zinakuonyesha sentimita. Stephano alikuwa mchora ramani, akiwafanyia watafiti wa samaki kazi kwa kompyuta. Kukaa kulimuumiza mgongo, ndipo akaiagiza Dar es Salaam ili afanye kazi amesimama. Machi ya mwaka uliotangulia alipanda boti kwenda Liuli. Boti ikapinduka. Miili ya watu watatu ilikutwa ufukweni siku zilizofuata. Stephano hakuonekana.

Hayo Iddy aliyasikia kwa jirani, Devotha mwenye mgahawa, kwa kuwa mama mwenyewe hakuyagusa. Akimtaja mwanawe alisema, "Stephano hapendi chai ya tangawizi," kana kwamba yuko dukani anarudi.

Baba yake Iddy alikuwa seremala. Yeye alisomea upimaji, lakini mikono ilibaki na kiu ya mbao, na kila alikohamishiwa alibeba randa ya marehemu baba yake, patasi nne na msumeno mdogo. Starehe yake ilikuwa kutengeneza visanduku, vya kuwekea sindano, rozari, hereni. Visanduku visivyo na msumari hata mmoja, kona zake zikiumana kama vidole vya mikono miwili. Hakuuza. Aligawa tu.

Basi akaigeuza meza ya Stephano kuwa meza ya ufundi. Juu yake alilaza ubao mnene ili uso usichubuke, akaubana kwa vibanio, akafunga jiriwa ndogo ya kubania kazi pembeni. Aligundua mapema kwamba ikipanda sana inayumba, hivyo akalaza mfuko wa mchanga juu ya chuma cha chini kinachounganisha miguu. Na hapo akaona raha ambayo baba yake hakuwahi kuijua. Kwa kupiga randa aliishusha hadi themanini na nane, akaegemeza uzito wa mwili. Kwa kuchonga kona aliipandisha hadi mia na nne, macho yakawa karibu na kazi, shingo isiume. Jumamosi alipanda basi kwenda Mbinga, akarudi na vipande vya mninga alivyopewa na mafundi wa huko, na jioni nzima chumba kikanukia mbao.

Wiki ya tatu, Jumatatu, alitoka ofisini saa tisa na nusu, akafungua mlango, akakuta meza imepanda. Namba zilisoma mia na kumi na nane. Kisanduku alichokiacha kwenye jiriwa kilikuwa sawa na kidevu chake.

Akadhani ni hitilafu. Umeme wa pale ulikuwa wa kukatika na kurudi, huenda mota ilishtuka. Akaishusha. Jumanne ikawa vilevile, na Jumatano. Haikuwahi kuwa mia na kumi na saba, wala mia na kumi na tisa.

Alhamisi akachomoa waya ukutani, akauzungusha kwenye mguu wa meza, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda Tingi kupima viwanja vya shule kwa siku mbili. Aliporudi waya ulikuwa palepale alipouzungushia. Meza ilikuwa mia na kumi na nane.

Iddy alikaa kitandani na buti zake za vumbi. Kilichomjia kwanza kilikuwa hasira, kwa sababu hasira ilikuwa na mtu wa kuelekezewa. Mama Anjelina alikuwa na ufunguo wa akiba. Ni wazi alikuwa akiingia, akichomeka waya, akipandisha meza ya mwanawe, akichomoa tena. Akatoka hadi jikoni, akamkuta anachambua dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Mama, sina kinyongo, nyumba ni yako. Lakini ukitaka kuingia chumbani nisipokuwepo, uniambie tu. Ile meza ukiipandisha, kazi yangu inaweza kuanguka."

Mama aliacha mikono juu ya dagaa.

"Kuipandisha?"

"Kila siku naikuta juu."

"Mwanangu, chumba kile sijakiingia tangu Machi ile. Hata kufagia alifagia Devotha ulipokuja. Miguu yangu inakataa." Akamtazama usoni. "Mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Kila asubuhi ukishaondoka nikipita kuanika nguo naiona dirishani, imesimama kwa urefu wake. Nikasema, kijana huyu ana adabu. Akimaliza kazi yake anamrudishia mwenzake meza yake." Sauti ikapungua. "Nilikuwa nakuombea kwa ajili hiyo."

Ilikuwa saa kumi, jua bado kali, watoto wanapiga kelele barabarani, na Iddy akahisi nywele za mikononi zinamsimama.

"Twende ukaone," alisema.

Mama alivua kanga ya kichwani, akajifunga upya, akamfuata. Kizingitini alisita, akajishikiza kwenye fremu, kisha akavuka. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa kimya na friji ya Devotha ilikuwa inavuja maji. Iddy akajaribu kuikandamiza meza kwa mikono. Haikutikisika. Akabonyeza kitufe cha kushusha, akijua ni upuuzi, waya haujachomekwa. Meza ikaguna, ikashuka taratibu mpaka themanini na nane, ikatulia. Namba nyekundu zilikuwa zinawaka.

Mota ikaguna tena, na mbele ya macho yao meza ikaanza kupanda, bila haraka, kama inavyopandishwa na mtu mwenye siku nzima ya kazi mbele yake. Tisini. Mia moja. Mia na kumi. Ikafika mahali pake, ikasimama.

Iddy alisoma kimoyomoyo aya alizofundishwa utotoni. Mama Anjelina hakurudi nyuma. Alisogea, akaweka viganja juu ya ubao, na meza ikamfikia kifuani, karibu na shingo.

"Hapa ndipo viwiko vyake vinafika," alisema. "Mrefu kama baba yake. Watu wa Matiri, kwao, walimcheka baba yake, walisema anachuma kahawa amepiga magoti." Alitaka kucheka, ikashindikana. Akainamisha uso mpaka paji likagusa mbao. "Stephano. Unangoja nini, mwanangu?"

Walisikia watoto barabarani. Walisikia ziwa.

Alipoinua uso ulikuwa mkavu, ila umezeeka. Akamwambia Iddy kwamba Osward, shemeji yake wa Tingi, alimsihi mwaka mzima wazike nguo za kijana, wafanye misa, watu wale, watu walie. Yeye alikataa. Aliona kumzika asiyeonekana ni kumfungia mlango mtu aliye bado njiani.

"Lakini tazama. Mtu aliye njiani hasimami mezani kila siku. Yuko hapa, na hajakaa tangu Machi. Mwanangu amechoka kusimama, baba." Akapangusa ubao kwa kiganja kana kwamba anafuta makombo. "Wewe unatengeneza visanduku. Nitengenezee kimoja."

Iddy hakuwahi kutengeneza kitu cha namna ile, wala hakuwa na uhakika kama mtu wa dini yake na wa mbali anastahili kukitengeneza. Lakini hakuweza kumwambia hapana. Alichukua likizo ya siku tatu, akafuata mbao za mninga Mbinga, akaanza.

Meza hakuishusha. Aliona si adabu. Alileta kreti mbili za soda kutoka kwa Devotha, akazipindua, akapanda juu yake, na hivyo akapiga randa mabega yakiwa juu kuliko alivyozoea. Alitarajia meza itayumba, maana kwa urefu ule ilikuwa ikiyumba hata kwa patasi. Haikuyumba. Ilikuwa imara kama ukuta, kama vile kuna mtu ameegemea upande wa pili kuizuia. Siku ya pili, akikata kona, aliona jambo ambalo hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Kila mara unga wa mbao ulipofunika mstari wake wa penseli, unga ulisogea wenyewe, kidogo tu, kama unaopulizwa na mtu aliyeinamia kazi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Alitamani kukimbia. Badala yake akasema, bila kuinua macho, "Asante," akaendelea kukata. Kona zile zilikuwa safi kuliko zote alizowahi kukata maishani.

Mama aliingia kila alasiri, akaketi ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza akasimulia. Stephano alivyougua surua. Alivyoficha ripoti ya shule ndani ya gunia la mahindi. Asubuhi ile ya Machi walivyogombana kwa jambo dogo, sufuria iliyoungua, akaondoka bila kuaga, naye hakumwita arudi.

"Ningemwita tu," alisema. "Jina lake tu, mara moja."

Iddy aliendelea kupiga msasa.

Walizika Jumamosi. Katekista Erasmo aliongoza sala, Osward akaja na ndugu wa Tingi na wengine wa Matiri, waliosafiri tangu alfajiri. Ndani ya sanduku mama aliweka mashati mawili, viatu, miwani na suruali ya Jumapili. Mtu mmoja angelibeba kwapani. Kwa heshima walishika wanaume wanne, Osward mmojawapo, Iddy kona ya nyuma, kushoto. Walipotoka nyumbani lilikuwa jepesi. Walipopita njia ya ufukweni alihisi mkono unavutwa chini, akamwona mwenzake wa mbele anabadilisha mkono, na jasho likamtoka Osward mpaka kwenye kola. Karibu na makaburi Osward alisema kwa sauti ya kukatika, "Shusheni kidogo, ndugu zangu, tupumue."

Wakalishusha. Chini ya sanduku mchanga ulibonyea kabisa. Wanaume wanne walitazama mchanga ule, wakatazamana, wakalinyanyua tena. Mama Anjelina, aliyekuwa nyuma yao, aliona, na hapo ndipo alipolia, kilio cha mtu aliyeletewa mtu wake. Aliita jina la mwanawe kwa nguvu zote, mara moja, na mlima ulio juu ya makaburi ukalirudisha kwa mwangwi.

Meza haikupanda tena yenyewe. Iddy aliichomeka, akaishusha, na kesho yake aliikuta alipoiacha, na keshokutwa pia. Mama sasa huingia chumbani bila kusita. Jumapili hukandia unga wa maandazi pale, akiwa ameishusha hadi themanini na moja, na hulalamika kwamba Iddy hafuti gundi.

Iddy yupo bado Mbamba Bay, na visanduku anaendelea navyo. Lakini akirudi kazini, kabla ya kuingiza ufunguo, hupiga hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Husikiliza kidogo. Hakuna anayemkaribisha, na bado hajajua kama hilo linampa nafuu au linamtia upweke. Kisha hufungua, akaingia.