Kiti cha Lorraine

Asubuhi tano mfululizo Hilary Cropper alikaa nyuma ya darasa la tatu akichora vijiti vya kuhesabia kwenye karatasi. Kazi yake katika shule ile ya Lancashire ilikuwa kuratibu watoto wenye mahitaji maalumu, na mtoto aliyekuwa akimhesabia ni Nell Ogden, mwenye umri wa miaka minane, aliyezaliwa na ugonjwa wa Down. Kila aliyezungumza na Nell alipata kijiti.

Ijumaa alijumlisha. Lorraine, msaidizi aliyeketi ubavuni pa Nell, alikuwa na vijiti mia mbili na kumi na vinne. Mwalimu wa darasa alikuwa na sita. Watoto wenzake Nell, wote ishirini na tisa kwa pamoja, walikuwa na kimoja.

Hilary alirudia hesabu, ikatoka ileile. Kisha akafungua mpango rasmi wa Nell na kusoma sentensi aliyoiandika mwenyewe miaka mitatu nyuma, akaipigania mpaka halmashauri ikakubali: msaidizi awe kando ya mtoto wakati wote.

Jumatatu ilikuwa siku ya kikao cha mwaka cha kuupitia mpango huo. Halmashauri ilikuwa inabadilisha utaratibu: badala ya msaidizi wa mtoto mmoja, kila shule ingekuwa na chumba cha msaada cha watoto wote wenye mahitaji hayo. Kwa Nell, hilo lilikuwa na maana ya kumpoteza Lorraine. Nusu saa kabla ya kikao, Hilary alimpa mama yake Nell ile karatasi.

Janine Ogden aliisoma akiwa bado na koti. "Hicho kimoja ni cha lini?"

"Jumatano. Lorraine alikwenda kuchukua chai."

"Nell alisema nini?"

"Mwenzake Alfie alimwambia kiatu chake kimekaa kama boga. Nell akamjibu, 'Chako kinanuka.'"

Janine alicheka, akaketi. "Nyumbani hajawahi kumtaja mtoto yeyote. Nilidhani hawezi." Akaigeuza karatasi. "Yule Fairclough wa halmashauri akiiona hii, si atamwondoa Lorraine kesho?"

"Anaweza."

"Wewe uko upande wa nani, Hilary?"

"Nisipoionyesha, Lorraine atabaki palepale. Mwakani nitahesabu tena na nitapata kimoja."

Janine alimrudishia karatasi. "Haya, itoe. Lakini ukinipotezea saa za Lorraine, mimi na wewe hatusalimiani tena."

Kikaoni, Bwana Fairclough alikula biskuti mbili huku akisoma. "Kwa hiyo tunakubaliana. Msaada wa mtu mmoja haumfai. Aende chumba cha msaada."

"Takwimu hazisemi hivyo," alisema Hilary. "Zinasema kiti cha Lorraine kiko mahali pabaya. Huko atakuwa mbali zaidi na hao ishirini na tisa kuliko sasa."

"Unataka nini basi?"

"Saa zilezile kwenye mpango. Lorraine awasaidie wengine, mwalimu akae na Nell. Lorraine arudi kwake anapokwama."

"Hilo sina uwezo wa kuliamua. Nitalipeleka kwa jopo la halmashauri. Wiki sita."

"Na sentensi yangu ya 'wakati wote' ifutwe. Ilikuwa kosa langu, liandikwe hivyo."

Fairclough aliandika. Janine alimsogezea Hilary sahani ya biskuti.

Kuhamisha kiti hakukuhitaji jopo. Jumanne Lorraine aliketi upande wa pili wa darasa, macho yakimtoka. "Najiona kama nimemtelekeza," alinong'ona.

"Hesabu," alisema Hilary, akampa kalamu.

Barua ya jopo ilifika wiki ya nane. Saa zimebaki kwa mwaka mmoja, kisha ushahidi upelekwe tena. Hilary aliibandika kwenye jalada la Nell, juu ya karatasi ya hesabu ya wiki ile, yenye mwandiko wa Lorraine: watoto wenzake, vijiti kumi na kimoja. Vinne vilikuwa vya ugomvi.